Nungunungu mbele ya wasomaji: kusoma "Mémoires de porc-épic" sura kwa sura

Kuko kitabu kimoja ambamo muuaji anaongea mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mtu wa kumkatiza maneno. Muuaji huyo si mtu. Ni nungunungu, yule mnyama wa miiba. Anasema ameua watu 99 kwa kutumwa na bwana wake, na sasa bwana wake amekufa. Nungunungu anajificha chini ya mti wa mbuyu na kuuelezea mti mambo yote aliyofanya. Mbuyu unasikiliza tu, haujibu.

Kitabu hicho ni "Mémoires de porc-épic", maana yake kumbukumbu za nungunungu. Kiliandikwa kwa Kifaransa na Alain Mabanckou, mwandishi wa Congo-Brazzaville, ng'ambo ya mto. Kilitoka mwaka 2006 katika nyumba ya vitabu Seuil huko Paris, na mwaka uleule kikapata zawadi kubwa ya Ufaransa inayoitwa Prix Renaudot. Ni hadithi ya ajabu na ya giza: ulozi, usiku, vifo visivyo na maelezo, na kijiji kinachotafuta mwenye kosa.

Mtu anaweza kukisoma peke yake kwa siku mbili. Lakini wakati watu wanakisoma pamoja, sura moja, wanasimama, wanabishana, kisha wanarudi kwa sura ingine, kinakuwa kitu kingine. Kazi ambayo mbuyu haukufanya, wasomaji wanaifanya: wanamuuliza nungunungu maswali. Na kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo, maswali hayo si ya kupitisha wakati tu.

Mwandishi na asili ya hadithi

Alain Mabanckou alizaliwa mwaka 1966 na alikulia Pointe-Noire, muji wa bandari wa Congo-Brazzaville. Ameishi Ufaransa na Marekani, na amefundisha fasihi ya Kifaransa kwenye chuo kikuu cha California huko Los Angeles. Mwaka 2005 alitoa "Verre cassé", hadithi ya wanywaji wa baa moja inayoitwa Le Crédit a voyagé. Kitabu cha nungunungu kilifuata mwaka mmoja nyuma, na vitabu hivi viwili vinashikana, sawa vile itakavyoonekana mwishoni.

Mwandishi mwenyewe anajulisha mwanzoni mwa kitabu kwamba hadithi aliipata kwa mama yake, Pauline Kengué, na kwamba kuna uongo kidogo wa kuongeza. Msingi wake ni imani ya zamani inayosema kila mtu ana mwenzake mnyama. Imani ya namna hiyo inajulikana kwa makabila mengi ya Afrika ya kati. Ndani ya kitabu, wenzake hao ni wa aina mbili. Kuko wa amani, ambao wanalinda mtu, na mtu anaweza kuishi mpaka kufa bila kujua kama anaye. Kisha kuko wa hatari, ambao wanatumwa kudhuru. Nungunungu wetu ni wa aina ya pili.

Namna ya kuandika nayo ni ya pekee. Katika kitabu kizima hakuna nukta ya kumaliza sentensi. Kuko virgule tu. Maneno yanatiririka kama mtu anayesimulia usiku bila kupumzika, anaanza jambo, anaruka kwa lingine, kisha anarudi. Msomaji wa peke yake anaweza kuchoka haraka. Lakini mtu akisoma kwa sauti, anagundua kwamba virgule ni mahali pa kupumua. Ndiyo maana kitabu hiki kinafaa kusomwa na mtu mmoja huku wengine wanasikiliza.

Kusoma kwa sehemu kunaendaje

Kitabu kina sura sita, na nyuma kuko barua fupi. Kwa hiyo mikutano saba inatosha. Kama ni mkutano mmoja kwa juma, kazi inaisha mbele ya miezi miwili.

Si lazima kila mtu awe na kitabu chake. Kopi moja inatosha kama kuko mtu anayesoma Kifaransa vizuri, na mwingine anayegeuza kwa Kiswahili kila baada ya ukurasa mmoja ao mbili. Kazi ya kugeuza ni ngumu kuliko inavyoonekana, na yenyewe tayari inaleta mabishano. Chukua neno moja tu: "double". Huyo mnyama ni nani kwa mtu? Ukisema "pacha", utaleta picha ya ndugu wa tumbo moja, na mbele kidogo kitabu kitaleta mapacha wa kweli, kwa hiyo watu watachanganyikiwa. Ukisema "kivuli", kivuli hakina akili, wakati nungunungu anafikiri na hata kumhukumu bwana wake. Ukisema "jini" ao "pepo", umeingiza dini ambayo haimo ndani ya hadithi. Wengi wanaishia kwa "mwenzake", neno la kila siku, kwa sababu linaacha mlango wazi. Ni vizuri kundi lichague neno moja siku ya kwanza na kulishika mpaka mwisho.

Kanuni ingine ni kutokimbia mbele. Yule ambaye tayari amemaliza kitabu ananyamaza juu ya mambo ya sura zinazokuja. Sababu yake ni kubwa: kila sura ya kitabu hiki inageuza namna msomaji anamuona nungunungu na bwana wake. Mtu akisema mwisho siku ya kwanza, wengine hawatapata nafasi ya kubadili mawazo.

Sura ya 1: mnyama anayeogopa

Nungunungu anajitambulisha. Ana miaka 42. Bwana wake, Kibandi, alikufa siku ya Ijumaa. Kufuatana na sheria ya wenzake wa hatari, mtu akifa, mnyama wake naye anapaswa kufa palepale. Lakini yeye bado anapumua, na hajui sababu. Amekimbia mpaka chini ya mbuyu. Anaogopa, anatetemeka, anaomba mti umfiche.

Katika sura hii wasikilizaji karibu wote wanamuhurumia. Anachekesha, anawatania wanadamu, anasema wao wanajiona wakubwa kuliko wanyama bila sababu. Hapo swali la kwanza linatokea: mtu akikuchekesha, unasahau haraka namna gani kwamba amesema ameua? Ni vizuri mtu mmoja aandike kwenye daftari yale ambayo kundi linafikiri siku hiyo. Daftari hilo litasaidia kwenye sura ya 5.

Sura ya 2: aliyeacha wenzake

Sasa nungunungu anaeleza maisha yake ya zamani porini. Aliishi na kundi la nungunungu chini ya mzee mmoja ambaye wanamuita gavana. Gavana anajua mengi, anafundisha vijana, na anawakataza kusogelea wanadamu. Nungunungu wetu hakusikia. Kitu fulani kinamvuta kwenda kijijini, kwa mtoto mmoja aliyeitwa Kibandi. Anaacha wenzake na harudi.

Mabishano ya sura hii yanakuwa juu ya neno "kuvutwa". Je, alivutwa kwa nguvu, ao alijipeleka mwenyewe? Yeye anasema hakuwa na namna. Lakini kwingine anakubali kwamba alikuwa na hamu ya kujua dunia ya watu, na kwamba mashauri ya gavana yalimchosha. Msomaji makini ataona kwamba sababu anazotoa hazifanani kutoka ukurasa mmoja mpaka mwingine. Mtu anayejitetea mara nyingi anafanya hivyo.

Sura ya 3: baba na kikombe

Hii ndiyo sura inayonyamazisha watu. Baba yake Kibandi naye ana mwenzake wa hatari, panya. Usiku mmoja anamchukua mtoto wake na kumnywesha kwa nguvu dawa inayoitwa mayamvumbi. Mtoto hakuchagua. Tangu siku hiyo ana mwenzake nungunungu, na kunaonekana pia mtu mwingine anayefanana naye, asiyekuwa na mdomo, ambaye anakaa karibu naye na ana njaa isiyoisha. Kitabu kinasema waziwazi kwamba baba aliuza urithi mubaya kwa mtoto wake.

Nyuma yake, watu wa kijiji wanachoka na vifo ambavyo vinafuatana. Wanamtafuta mwenye kufanya hivyo, wanamgundua baba, na mambo yake yanaisha vibaya. Mama anakimbia na mtoto.

Wasomaji ambao katika sura ya 1 walimchukia Kibandi, hapa wanaanza kumuona kama mtoto ambaye aliharibiwa na mkubwa wake. Na huku mashariki, hakuna anayehitaji maelezo marefu. Watoto walioingizwa kwenye makundi yenye silaha wanajulikana katika kila teritware. Wengine walipewa dawa za kunywa ao kuchanjwa ili waamini kwamba risasi hazitawapata. Sheria ya Congo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi ao kundi lenye silaha. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi moja la Ituri, alikutwa na kosa mwaka 2012 na Korti ya Kimataifa ya La Haye, ile watu wanaita CPI, kwa sababu ya kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya Korti hiyo.

Lakini swali gumu linabaki: mtoto huyo akikuwa mkubwa na kuendelea kuua, ataitwa nani? Korti ileile ilikutana na swali hilo katika kesi ya Dominic Ongwen wa Uganda. Alitekwa na LRA akiwa mtoto, akapanda mpaka kuwa komanda wa kundi hilo ambalo watu wa Haut-Uélé na Bas-Uélé wanalijua kwa machungu. Mwaka 2021 alikutwa na makosa na kupewa miaka 25 ya kifungo. Mahakimu hawakukubali kwamba utoto wake unafuta makosa aliyoyafanya akiwa mkubwa, lakini waliuweka kwenye mizani wakati wa kuhesabu miaka ya adhabu. Kundi la wasomaji linaweza kutumia mfano huo bila kufunga mjadala. Kukubali kwamba mtu alidhulumiwa hakumaanishi kusema hakudhulumu.

Sura ya 4: kijiji kipya

Kibandi na mama yake wanaanza maisha mapya mahali panapoitwa Séképembé. Kibandi anajifunza kazi ya kujenga mapaa ya nyumba. Anajifunza pia kusoma, na nungunungu naye anapata akili ya vitabu kupitia kwake. Mama anajua yaliyompata mtoto wake, na anabeba siri hiyo mpaka anakufa.

Kwa muda fulani mambo yanaonekana ya kawaida. Kijiji kinamtuma Kibandi kazi, watu wanamlipa, wanamsalimia. Hapa wasomaji wanabishana juu ya mama. Alijua. Je, angefanya nini? Angemshitaki mtoto wake kwa watu waleule ambao walikuwa tayari wamemaliza bwana wake? Wengine watasema alimlinda, wengine watasema alilinda maafa. Si lazima kundi likubaliane. Katika mabishano haya wamama wenye watoto wana mengi ya kusema, kwa hiyo mwenye kuongoza awape nafasi mbele ya vijana ambao wanapenda kujibu haraka.

Sura ya 5: sababu ndogo, vifo vikubwa

Sasa mauaji yanaelezwa moja moja. Kinachoshangaza ni udogo wa sababu. Msichana mmoja aliyekataliwa Kibandi asimuoe. Mtu mwenye kugema pombe ya ngazi. Kijana Amédée ambaye alisoma Ulaya, anayewasimulia wasichana hadithi za vitabu, na ambaye alimtukana Kibandi. Yula, ambaye ana deni hajalipa, na anayeteseka ni mtoto wake mchanga. Wivu, deni, neno baya: ndiyo mambo ambayo majirani wanagombania kila siku katika kila avenue ya Bukavu ao Bunia.

Katika sura hii kuko desturi ambayo wasomaji wengi wanaitambua. Mtu akifa kwa namna isiyoeleweka, sanduku la maiti linabebwa mabegani, na inaaminiwa kwamba maiti mwenyewe atawasukuma wabebaji mpaka kwa yule aliyemuua. Kibandi anajua hila ya kulipita jaribio hilo. Msomaji, ambaye ameambiwa muuaji ni nani, anaona sanduku likikosa njia.

Ni hapa kundi linapaswa kusimama kwa muda mrefu. Ndani ya kitabu, ulozi ni kweli, kwa sababu ndivyo mwandishi alivyotengeneza dunia yake. Lakini hata katika dunia hiyo ambamo ulozi ni kweli, jaribio la sanduku linashindwa. Kijiji kizima kinaamini kimepata jibu, na muuaji yuko palepale kati yao, salama. Basi je, nje ya kitabu, ambapo hakuna nungunungu wa kuungama, watu wanategemea nini wakati wanamnyooshea mama mzee kidole?

Swali hili si la mchezo. Katika Kivu ya Kusini imeripotiwa mara nyingi kwamba wamama wazee walipigwa ao kuchomwa moto kwa kuitwa walozi, mara ingine baada ya mtu anayejiita nabii kutaja jina. Kinshasa na miji mingine, watoto wanafukuzwa nyumbani kwa kushitakiwa vilevile, mara nyingi wakati kuko kifo, ugonjwa ao kukosa kazi katika jamaa. Sheria ya nchi inasema wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika artikle 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika artikle 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 pamoja na amande kwa mtu anayemshitaki mtoto hivyo kwa ubaya. Kodi ya adhabu nayo inawapa adhabu wanaoshiriki katika majaribio ya ushirikina, yaani kumtesa mtu ili kujua kama ana kosa. Na kumuua mtu anayeitwa mlozi ni kuua mtu, sawa na mauaji mengine yote.

Mwisho wa sura, mapacha wawili, Koty na Koté, wanaingia. Kibandi anakutana na nguvu ambayo haiwezi. Ijumaa ile inakuwa siku yake ya mwisho, na nungunungu anakimbilia mbuyu. Ndipo hadithi inarudi mahali ilipoanzia.

Huu ndio wakati wa kufungua daftari la siku ya kwanza. Wale waliomuhurumia nungunungu wakasema nini? Wanasema nini sasa? Wengi watakuta wamebadilika mara mbili ao tatu. Kwanza huruma kwa mnyama, kisha hasira, kisha huruma kwa mtoto, kisha hofu ya mtu mkubwa. Mtu aliye na sura moja tu mkononi angekata hukumu mbaya, kwa upande huu ao ule. Watu wanaomzunguka mama mzee usiku na petroli mkononi, mara nyingi wana hata chini ya sura moja. Wana jina, kifo kimoja, na neno la mtu aliyeota ndoto. Wanamaliza kwa saa moja.

Sura ya 6: "nilitumwa tu"

Nungunungu bado anaishi. Anaanza kufikiri juu ya siku zinazobaki. Labda atafanya mazuri. Labda atatafuta nungunungu wa kike. Anajisemea kwamba mambo aliyoyafanya hayakutoka kwake: alitumwa, na kama angekataa angekufa.

Hapa mabishano makubwa ya kitabu kizima yanafika mwisho, na makundi mengi yatagawanyika. Upande mmoja utasema mwenzake ni kama kisu, na kisu hakina kosa. Upande mwingine utajibu kwamba kisu hakichagui njia ya kuingia ndani ya nyumba, hakisubiri mtu alale, wala hakisimulii kazi yake kwa majivuno. Nungunungu anafanya yote hayo. Katika baadhi ya kurasa anaonekana kufurahia ufundi wake. Kwa upande mwingine, kuko mahali anaposita, hasa juu ya mtoto mchanga. Kusita huko kunaonyesha kwamba alikuwa na dhamiri. Lakini kama alikuwa nayo, basi alijua.

Maneno "nilitumwa tu" watu wa mashariki wameyasikia mbele ya korti za kijeshi, katika makambi ya waliotoa silaha, na hata nyumbani, kwa kijana aliyerudi kutoka porini. Mara ingine ni kweli, mara ingine ni kujificha, na mara nyingi ni vyote viwili pamoja. Mwongozaji asilazimishe mtu aliyeteswa ao aliyewahi kushika silaha aseme habari zake. Kitabu kinafaa kwa hilo: mtu anaweza kuongea juu ya nungunungu dakika kumi, na wote wataelewa kwamba hakuongea juu ya nungunungu peke yake. Akitaka kwenda mbele zaidi, atajichagulia mwenyewe.

Barua ya mwisho

Nyuma ya sura ya 6 kuko barua. Imeandikwa na mwenye baa Le Crédit a voyagé, yule anayeitwa Escargot entêté, na inapelekwa kwa nyumba ya vitabu. Anasema maandishi haya ni ya marehemu Verre Cassé, mnywaji wake wa zamani, mtu wa kitabu kile cha 2005.

Wasomaji wengine wanakasirika: kumbe yote yalitungwa na mlevi? Lakini barua hiyo inafaa kusomwa polepole, siku yake ya pekee. Kwanza inakumbusha kwamba nungunungu hakuwahi kuwepo. Kisha inauliza: nani alituambia haya yote, na tulimuamini kwa nini? Kwa muda wa mikutano sita kundi limesikiliza shahidi mmoja tu. Wazazi wa wafu hawakuongea. Yula hakuongea. Mapacha hawakuongea. Zoezi zuri la mkutano wa saba ni kugawanya watu wawili wawili na kuwaomba waseme hadithi kwa sauti ya mtu mmoja wa hao: baba wa msichana, mama wa Kibandi, gavana wa porini. Hadithi inabadilika mara moja.

Mambo machache ya kuangalia

Kitabu si cha watoto wadogo. Kina vifo, matusi na mambo ya kitandani. Kwa vijana wa segondari ya juu kinafaa kama kuko mtu mkubwa anayeongoza.

Kuko watu ambao wataona ni hatari kusoma mambo ya ulozi, na wataogopa kitabu kisilete kitu nyumbani. Si vizuri kuwacheka. Wanaweza kukaribishwa kusikiliza sura ya 1 tu, mchana, na kuamua nyuma. Wengine watachukua kitabu kama ushahidi: "Unaona, hata waandishi wakubwa wanakubali kwamba ulozi uko." Jibu ni rahisi. Mwandishi aliandika pia kwamba nungunungu anaongea Kifaransa na kufikiri kama mwalimu. Hadithi inatengeneza dunia yake. Haitoi cheti juu ya dunia yetu.

Na hapa kuko kanuni moja ambayo kundi lolote linapaswa kuweka mbele ya kufungua ukurasa wa kwanza: katika mkutano, jina la mtu wa kartie lisitajwe kuwa mfano wa mlozi. Si kwa mchezo, si kwa mafumbo. Jina likisemwa mahali pa watu ishirini, kesho linafika kwa mia mbili, na mwenye jina hana mbuyu wa kujificha chini yake.

Kwa yule asiyesoma Kifaransa lakini anasoma Kiingereza, kitabu kiligeuzwa na Helen Stevenson kwa jina "Memoirs of a Porcupine". Kwa yule asiyesoma kimojawapo, njia ni ileile ya zamani: mmoja anasoma, mwingine anageuza kwa Kiswahili, wengine wanasikiliza, na kila sura ikiisha kitabu kinafungwa ili watu waongee.